Hargeisa Haikuja Eldoret

Ukimwuliza mtu wa Eldoret wa rika langu kuhusu mwisho wa mwaka 2002, atakusimulia uchaguzi: Moi anang'atuka, Uhuru Kenyatta anapigiwa debe na KANU, Kibaki anaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ni wachache watakaokumbuka kwamba miezi hiyohiyo mji wetu ulijaa wajumbe wa Kisomali waliokuja kuundiwa serikali. Na hao wanaokumbuka, watakutajia wababe wa kivita na madeni ya hoteli. Mimi habari iliyonikaa kichwani ni ya wale waliokataa kuja.

Mkutano wa Maridhiano ya Kitaifa ya Somalia ulifunguliwa na Rais Daniel arap Moi tarehe 15 Oktoba 2002, chini ya mwavuli wa IGAD. Kenya, Ethiopia na Djibouti ndizo zilizokabidhiwa kazi ya kuusimamia, na mwenyekiti alikuwa Elijah Mwangale, aliyewahi kuwa waziri wetu wa mambo ya nje. Kwa nini Eldoret? Tuliambiwa kuna uwanja wa ndege wa kimataifa, kuna hoteli, na kuna utulivu ambao Nairobi haina. Sisi wenyeji tuliongeza sababu yetu: mzee alikuwa anaaga, na hapa palikuwa kwake. Kulikuwa na mcheshi mmoja wa Uganda Road aliyesema kwamba amani imeletwa mji wenye kiwanda cha risasi ili wajumbe wasisahau wanazungumzia nini. Kiwanda chenyewe kipo, hakuwa anatunga.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Moi, bewa la Annex. Nilipata kibarua katika sekretarieti ya mkutano, kazi ya kuchapa na kutoa nakala. Walitarajiwa wajumbe mia tatu hivi, wakaja zaidi ya mara mbili yao, kwa sababu kila mkubwa alifuatana na watu wake na kila aliyefuatana naye alidai ni mjumbe. Orodha ilibadilika kila kukicha. Nikichapa majina asubuhi, ikifika adhuhuri ananijia bwana mwenye suti nzito kuniambia kwamba huyu wa namba kumi na nne si mtu wao, aondolewe, na mahali pake aingie binamu yake. Nikimweleza kwamba mimi ni mchapaji tu, hasadiki. Mtu anayeshika orodha, kwa fikira zake, ndiye anayeshika nchi. Kwa jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, hakuwa amekosea sana.

Eldoret iko mita zaidi ya elfu mbili juu ya bahari, na Oktoba ile mvua haikutuhurumia. Watu waliotoka kwenye joto la Mogadishu na Kismayu walivamia vibanda vya mitumba wakatafuta makoti, na bei ya makoti ikapanda. Mashambani wakulima walikuwa wanavuna mahindi. Jikoni wapishi wa Kikalenjin na Kiluhya walijifunza kwamba tambi huliwa na ndizi mbivu pembeni, jambo lililowashangaza kuliko siasa yoyote. Ukipita Hoteli ya Sirikwa jioni ungewakuta watu waliopigana miaka kumi wamekaa meza zilizotazamana wakinywa chai ya maziwa, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Alikuwepo Hassan Abshir Farah, waziri mkuu wa ile serikali ya mpito iliyoundwa Arta, Djibouti, mwaka 2000. Alikuwepo Abdullahi Yusuf wa Puntland, na Hussein Aidid, mwana wa Jenerali Aidid, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Marekani kabla ya kurithi vita vya babake. Ethiopia ilikuwa na upande wake, Djibouti upande wake. Kila fungu lilikuwa na mlezi, na mara nyingi walezi ndio waliogombana.

Somaliland haikuwepo. Hargeisa ilikuwa imetangaza kujitenga tarehe 18 Mei 1991, baada ya Siad Barre kuanguka, na mwaka 2001 watu wake walipiga kura ya maoni juu ya katiba inayothibitisha uhuru huo; waliounga mkono walihesabiwa kuwa asilimia 97. Msimamo wao kuhusu Eldoret ulikuwa mfupi: mkutano ni wa kuipatanisha Somalia, na sisi si Somalia, kwa hiyo tunawatakia heri. Basi. Kwa mtu asiyejali sheria, hayo yalionekana ni maringo. Lakini nilikuwa nimetoka darasani siku hizohizo kujifunza kwamba katika sheria ya kimataifa mahali unapokaa ni ushahidi. Laiti wangekuja wakaketi kama ujumbe mmoja miongoni mwa jumbe za Somalia, wangekuwa wamekiri kwa makalio yao kile wanachokikana kwa midomo.

Hata hivyo watu wa kaskazini hawakukosekana kabisa. Walikuwepo waliokuja kwa nafsi zao, wengine wakiwa wanaamini muungano, wengine wakitafuta vyeo. Mmoja alikuwa mzee wa Burao ambaye hakuwa mjumbe wa mtu yeyote. Alikuja kumwangalia mpwa wake aliyekuwa kwenye orodha, ili ajue, alivyosema, mtoto anauza nini. Kiswahili chake alikichuma Mombasa, alikofanya kazi bandarini ujanani. Alipogundua kwamba nasomea sheria, akawa anakuja chumba cha nakala kila baada ya swala ya alasiri, anavuta kiti, ananipima.

"Binti," aliniuliza siku ya kwanza, "nchi inazaliwa mara ngapi?"

Nikamjibu kwa Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933, kama nilivyofundishwa: watu wa kudumu, ardhi inayojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na mataifa mengine. Akatikisa kichwa kwa upole. Hayo ya vitabu anayajua, alisema, yeye anauliza tarehe.

Akanipa tarehe. Tarehe 26 Juni 1960 Uingereza iliiachia Somaliland uhuru wake, na waziri mkuu akawa Mohamed Ibrahim Egal. Kwa siku tano ilikuwa nchi. Tarehe 1 Julai eneo lililokuwa chini ya udhamini wa Italia nalo likapata uhuru, na siku hiyohiyo pande mbili zikaungana kuwa Jamhuri ya Somalia. Hargeisa ilipitisha sheria yake ya muungano, na Mogadishu ikapitisha maneno yake tofauti. Sheria moja ya kuzifunga pande zote mbili ilikuja mwaka 1961, ikaambiwa ihesabiwe kuwa ilianza kazi mwaka uliotangulia. Kura ya katiba ilipopigwa Juni 1961, wengi kaskazini waliisusia, na kati ya waliopiga, wengi waliikataa. Desemba ya mwaka huo maafisa vijana wa jeshi walijaribu kuasi Hargeisa. Walipofikishwa mahakamani, jaji Mwingereza aliwaachilia kwa hoja kwamba muungano wenyewe haukuwa na msingi halali wa kisheria.

"Sasa," mzee akasema, "mtu anakwambia wewe ni mke wangu. Unamwambia nionyeshe cheti. Anakuonyesha picha za karamu."

Nilicheka, lakini usiku niliyarudia maneno yake mara nyingi. Kesho yake nilimpelekea hoja mhadhiri wangu. Naye alikuwa na jibu: muungano uliodumu miaka thelathini, ukaingia Umoja wa Mataifa ukiwa na kiti kimoja, pasipoti moja na deni moja, hautenguliwi kwa kasoro ya karatasi. Mataifa yaliutambua, na watu wa kaskazini wenyewe walikuwa mawaziri ndani yake. Egal huyohuyo alikuwa waziri mkuu wa Somalia nzima kuanzia 1967 hadi jeshi lilipopindua serikali mwaka 1969. Sheria, alisema, haipendi mtu anayeishi katika nyumba miaka thelathini kisha anadai hakupewa ufunguo.

Egal ndiye aliyenifanya nielewe kwa nini jambo hili lilikuwa la kwetu Wakenya, si la Wasomali peke yao. Jirani zetu wa Garissa, Wajir na Mandera wanajua vizuri zaidi kuliko sisi wa bonde. Mwaka 1962 tume ya Waingereza iliuliza wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka nini, ikakuta wengi wanataka kuungana na Somalia. Wakabaki Kenya. Vita vya shifta vikafuata, na bendera ya Somalia tayari ilikuwa na nyota ya pembe tano, mojawapo ikiwa ni sehemu ile ya kwetu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Kairo Julai 1964 ukaazimia kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyokuwepo siku ilipopata uhuru, Kenya ilishangilia. Somalia na Morocco zilipinga. Hatimaye ni Egal, akiwa waziri mkuu wa Mogadishu, aliyekubaliana na Mzee Kenyatta kule Arusha Oktoba 1967, Kaunda akiwa mpatanishi, na shifta ikaisha.

Basi tazama jinsi mambo yalivyogeuka kufikia 2002. Mogadishu, iliyolikataa azimio la Kairo, sasa ililikumbatia: mipaka ya Somalia haiguswi. Hargeisa nayo ililishika azimio hilohilo: mipaka yetu siku ya uhuru wetu, tarehe 26 Juni 1960, ni ile ya eneo la Waingereza, na hatuombi hata inchi moja zaidi. Egal, aliyeongoza Somaliland siku zile tano, akaongoza Somalia, akafungwa miaka mingi na Siad Barre, kisha akarudi kuwa rais wa Somaliland kuanzia 1993, alikuwa amefariki Pretoria tarehe 3 Mei, miezi mitano tu kabla ya mkutano wetu. Sidhani kuna mtu mwingine aliyeweza kuzieleza pande zote mbili kwa kinywa kimoja.

Nikiwa na nakala mikononi nilianza kuona kwamba Kenya ilikuwa imejifunga. Kanuni iliyotulindia kaskazini yetu ndiyo iliyowapa Hargeisa hoja yao bora. Ukiisoma kwa herufi, inawafaa. Ukiisoma kwa hofu iliyoizaa, yaani hofu ya kila nchi kupasuka, inawakataa. Kenya ilichagua kutoisoma kabisa.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuwa Machakos. Tarehe 20 Julai mwaka huohuo, katika mji huo wa kwetu, chini ya IGAD hiyohiyo, Jenerali Lazaro Sumbeiywo alizifikisha serikali ya Sudan na waasi wa kusini kwenye itifaki iliyowapa watu wa kusini haki ya kupiga kura waamue kubaki au kuondoka. Mpaka wao ulikuwa mpaka wa ndani ya nchi moja, haukuwahi kuwa mpaka wa nchi huru hata kwa siku moja. Miezi mitatu baadaye, Eldoret, hakuna aliyethubutu kuweka swali kama hilo kwenye ajenda. Tofauti haikuwa ya sheria. Kule Machakos Khartoum ilikuwepo, ina jeshi na ina mihuri, na ilichoka kupigana. Ridhaa yake ndiyo iliyofungua mlango, kama ridhaa ya Addis Ababa ilivyoifungulia Eritrea mwaka 1993. Hargeisa ingeomba ridhaa kwa nani? Mwenye nyumba alikuwa ndiye huyo anayetafutwa Eldoret.

Mzee wa Burao hakuwa na subira na habari za Machakos. Lililomkera ni dogo na la karibu. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mazungumzo yale alikuwepo Jenerali Mohamed Said Hersi Morgan, mkwe wa Siad Barre, aliyekuwa kamanda wa jeshi kaskazini wakati Hargeisa na Burao zilipoangamizwa mwaka 1988. Ndege zilikuwa zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa wenyewe, zinageuka, zinaupiga mji ulio chini yake, kisha zinarudi kutua palepale. Leo ndege moja ya aina hiyo imewekwa juu ya mnara katikati ya mji. "Wanatuuliza mbona hatuji kukaa mezani," mzee alisema. "Wamtazame aliyekaa." Sikuwa na kifungu cha kumjibu. Nilimwekea chai.

Tarehe 27 Oktoba walitia saini tamko la kusitisha mapigano. Mashine ya nakala ilipata moto siku ile hadi ikabidi tuifungulie madirisha. Pande zote ziliahidi kunyamazisha silaha, kuheshimu marufuku ya silaha ya Umoja wa Mataifa, na kuunda serikali ya mfumo wa shirikisho. Kisha wajumbe wakagawanywa katika kamati sita: katiba ya shirikisho, kupokonya silaha, ardhi na mali, uchumi, upatanisho, na uhusiano wa nchi za nje. Neno shirikisho lilikuwa limewekwa pale kwa ustadi. Puntland ilifurahi, na wanadiplomasia walinong'onezana kwamba mlango huo umeachwa wazi makusudi, siku moja Hargeisa ipitie. Hakuna mtu wa Hargeisa niliyemsikia akisema ameuona. Kwao shirikisho lilikuwa jina jipya la swali walilokwisha kulijibu.

Silaha hazikunyamaza, kama inavyojulikana. Ramadhani ikaingia mapema Novemba. Wapishi wakazoea kuamka usiku kuandaa daku, na vikao vya mchana vikawa vifupi na vikali. Tarehe 28 Novemba hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa, mji ukaanza kuwatazama wageni wetu kwa jicho lingine, na hata Wasomali wa Eldoret, waliozaliwa hapahapa na kuuza nguo hapahapa, walisimamishwa njiani kuulizwa vitambulisho. Wenye hoteli nao walikuwa wamechoka kusubiri malipo. Wanawake wajumbe, ambao koo zao ziliwakalia kooni kwa sababu koo huwakilishwa na wanaume, walikuwa wakidai nafasi yao. Asha Haji Elmi na wenzake walijiita ukoo wa sita, na mwaka 2004 jina lake lilikuwa kwenye mapatano. Hilo ni moja ya mambo machache ya mchakato ule ninayoyasimulia kwa furaha.

Katikati ya vurugu hizo, tarehe 15 Desemba, Somaliland ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa mabaraza ya miji. Habari ilifika Eldoret kwa simu, maana magazeti yetu yalikuwa yamezama kwenye kampeni za KANU na NARC. Wale tuliokuwa tukiwatafutia serikali walikuwa wanagombania orodha. Wale waliotukatalia walikuwa foleni wakipiga kura. Aprili iliyofuata walichagua rais, na Dahir Riyale Kahin akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 80. Aliyeshindwa alilalamika, akaenda mahakamani, akakubali yaishe. Jambo hilo peke yake lingetosha somo zima la chuo.

Januari 2003, serikali mpya ikiwa imeingia Nairobi, Bethuel Kiplagat alichukua nafasi ya Mwangale, na mwezi uliofuata mkutano ukahamishiwa Mbagathi, Nairobi. Mzee wa Burao alikuwa ameondoka zamani. Mbagathi ilizaa bunge lililogawanywa kwa hesabu ya koo nne na nusu, ambamo watu wa kaskazini walipewa viti chini ya ukoo wa Dir bila Hargeisa kuulizwa, na Oktoba 2004 Abdullahi Yusuf akachaguliwa rais wa Somalia akiwa Nairobi.

Yaliyofuata nimeyafuatilia kama wakili, si kama mchapaji. Mwaka 2005 Umoja wa Afrika ulituma ujumbe Hargeisa ukiongozwa na Patrick Mazimhaka, ukarudi na ripoti iliyosema kwamba muungano wa 1960 haukuidhinishwa ipasavyo na kwamba kesi hii ni ya pekee, isihukumiwe kwa hofu ya kuwafungulia wengine. Ripoti ikawekwa kabatini. Februari 2022 balozi wetu Martin Kimani aliliambia Baraza la Usalama, akizungumzia Ukraine, kwamba Waafrika tulikubali kuishi na mipaka tuliyorithi ili tusiendelee kumwaga damu. Dunia ilimpigia makofi, nami nilimpigia. Septemba ya mwaka huo Rais Ruto, ambaye Sugoi kwake si mbali na hapa, aliandika mtandaoni kwamba Kenya imefuta kuitambua Jamhuri ya Sahrawi. Ujumbe ukaondolewa, na wizara ikasema msimamo ni uleule wa zamani. Machi 2025 Kenya ikaitambua Kosovo, iliyojitenga na Serbia bila ridhaa ya Serbia. Mei, Somaliland ilipofungua ofisi Nairobi, serikali ikakumbusha kwamba inaijua Somalia moja tu. Desemba Israel ikawa nchi ya kwanza mwanachama wa Umoja wa Mataifa kuitambua Hargeisa, na Umoja wa Afrika ukapinga.

Kijana anayefanya mafunzo ofisini kwangu, Oloo Street, aliniuliza majuzi ningekuwa wakili wa upande gani. Nilimwambia wa Hargeisa, kwa kanuni ya Kairo, na nisingegusa Kosovo hata kidogo. Akaniuliza ningefungua kesi mahakama gani.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague husikiliza kesi za dola tu. Mogadishu ilipogombana na sisi kuhusu mpaka wa baharini, ilifungua jalada mwaka 2014, na tarehe 12 Oktoba 2021 ikapata hukumu iliyoipa sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa, Kenya ikaikataa. Hargeisa haiwezi hata kufungua jalada. Ili isikilizwe kama dola, kwanza ikubaliwe kuwa dola, na hilo ndilo inalotaka mahakama iamue. Njia iliyobaki ni Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuomba maoni ya mahakama, kama lilivyofanya kuhusu Kosovo mwaka 2008. Wakati ule Serbia, iliyopinga kujitenga, ndiyo iliyoomba. Somalia haina sababu ya kuomba, kwa kuwa kimya kinaifaa. Inahitajika nchi nyingine, ya Afrika kwa uzuri zaidi, ipeleke hoja na kuitafutia kura. Kijana akaandika hayo yote kwenye daftari lake, kisha akauliza kama Kenya ingeweza. Nikamwambia aanze kwa kuisoma hukumu ya bahari, kurasa zote, halafu tutaendelea.